Vitesi Zako Zimefika, Feruzi

Feruzi, rafiki yangu,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo. Weye hukujifunza herufi za misheni, na zile za chuoni kwenu zilinishinda mimi, kwa hiyo nimeandika haya nyumbani, nimekuja nayo makaburini nikae kando yako nikusomee polepole. Mzee anayefagia hapa amenitazama, ameona ni mimi, akaendelea na ufagio wake.

Vitesi zako, yale meno ya kubadilishia mwendo, zimefika. Nimezitia kwenye baiskeli yako, nimezipanda, na nimempakia nazo mtu ambaye hutaamini nikikutajia. Lakini najua ulivyokuwa. Hukuweza kumvumilia mtu anayesimulia kuanzia mkiani. Basi nianze na siku ile, niipite haraka, kisha tusonge mbele.

Siku ile ulikuwa mbele, mimi nyuma yako, tunateremka kilima cha Shuka-Sukuma kuelekea Kabambare. Mvua ilikuwa imekatika lakini udongo ulikuwa bado unateleza kama bamia. Ulikuwa na gunia la mpunga na madebe mawili ya mawese. Nilikuona ukishika ile freni ya fimbo, ukaiachia, ukashika tena. Kisha nikakuona ukitoa mguu na kukandamiza soli ya kiatu kwenye mpira wa nyuma, kama tulivyofanya sote kila mara freni ilipotukataa. Chini, kwenye daraja la magogo, baiskeli ilikwenda upande wake na weye ukaenda kwenye mawe. Nilipokufikia uliniuliza, kwa jina lile la utani ulilonipa, "Padiri, mawese yamemwagika?" Nikakuambia hapana. Swali hilo ndilo neno lako la mwisho nililolisikia vizuri. Tulikubeba kwa machela ya miti kurudi upande wa Kasongo, na hatukufika nawe.

Ulizikwa baada ya sala ya adhuhuri. Mimi nilisimama nyuma ya watu, kofia mkononi, sijui niweke wapi mikono yangu, mpaka baba yako mdogo Amisi akaja akanivuta kwa mkono akanisimamisha mbele, pamoja na ndugu zako. Sikumshukuru siku ile. Namshukuru sasa, ingawa baadaye nitakuambia jinsi alivyotusumbua.

Mama yako hakulia mbele ya watu. Baiskeli yako ilipoletwa, gurudumu la mbele limekunjika kama kitunga kilichokaliwa, aliagiza iwekwe stoo nyuma ya nyumba, iegemezwe uso ukutani. Kisha akasema mbele ya wote, "Ile njia sitaikanyaga tena. Hata kwa lori." Kila mtu alielewa maana yake. Dada yako Zena ameolewa Kabambare, na njia ya Kabambare ni hiyohiyo. Zena aliposikia alishika shavu, lakini hakubishana. Matanga yalipoisha alirudi kwa mume wake, na mimba changa tumboni ambayo hata mama yako alikuwa hajaambiwa.

Mimi niliacha barabara. Baiskeli yangu nikamwazima binamu yangu, nikarudi shambani kwetu, ng'ambo ya misheni, nikalima mihogo na mpunga. Watu waliuliza, "Anselemi, hauendi tena Kabambare?" Nilisema mgongo unaniuma. Mgongo haukuwa na neno.

Nilikuwa nikipalilia siku moja asubuhi, nikamwona mama yako anakuja kwa kijia cha kisimani, sanduku la mbao kichwani. Nilikimbia kumpokea. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Akakaa juu ya gogo, akafuta jasho, akasema, "Mugiriki wa duka aliniita. Alisema Feruzi aliagiza hii kwa watu wa Ulaya, na imefika kwa treni na lori. Anselemi, hii iko nini?"

Nilijua kabla sijafungua. Unakumbuka yule kijana Mbelgiji msimamizi wa barabara, aliyekuwa akipanda baiskeli yake nyembamba jioni kwa mazoezi? Unakumbuka ulivyomsimamisha kwenye kona ya soko, ukapiga magoti nyuma ya gurudumu lake kama mtu anayetafuta sindano, na yeye akacheka akakuonyesha jinsi mnyororo unavyohama kutoka jino hili kwenda lile? Tangu siku hiyo hukuwa na maneno mengine. Tukisukuma mizigo kupanda Shuka-Sukuma, mimi nahema, weye unahema na bado unasema: "Padiri, iko siku tutapanda huu mulima tumekaa." Nilidhani ni maneno ya kusahaulisha uchovu. Sikujua kwamba umeagiza.

Nikafungua. Ilitoka harufu ya mafuta ya mashine, na kila kitu kilikuwa kimefungwa kwa karatasi ya nta. Meno ya nyuma yalikuwa yamepangwa pamoja, madogo, ya kati na makubwa, kama sahani za ukubwa mbalimbali. Chini yake kulikuwa na ule mkono wenye vigurudumu viwili vidogo vya kuvuta mnyororo, na mnyororo wenyewe mwembamba, na kijiti cha kubadilishia, na waya ndani ya mipira yake. Na freni, Feruzi. Si fimbo. Ni koleo mbili zinazong'aa, kama mikono ya kaa wa mtoni, moja ya mbele na moja ya nyuma.

Nikamweleza mama yako hayo meno ni ya nini. Akasikiliza hadi mwisho. "Alinisemeaka," akasema. "Aliniambia kuko kinga, baiskeli ya namna ingine, inapandisha mutu mulima. Nikamwambia aende akanawe, chakula kinapoa." Kisha akachukua koleo moja, akaigeuza mkononi. "Na hii?"

"Hiyo ndiyo freni, mama. Inabana gurudumu kwa pande mbili."

"Hata mu mvua?"

"Wanasema hata mu mvua."

Ndege walikuwa wameshuka kwenye mpunga na hakuna kati yetu aliyewafukuza. Mwishowe akaniwekea ile freni kwenye kiganja, akasema, "Feruzi mwenyewe iko mu udongo. Vitu vyake visikae mu sanduku. Itie pale alitaka kuitia." Akaondoka bila kungoja jibu langu.

Tulihangaika nayo kwa Fundi Shabani siku nyingi. Unamjua Shabani: kila kitu kipya ni ugonjwa mpaka akiponye yeye. Alilitazama sanduku akasema, "Vitu vingi, magonjwa mengi." Kwanza tulinyoosha uma wa mbele unaoshika gurudumu. Kisha tukagundua kwamba rimu zako za zamani hazifai. Zilikuwa na tumbo la mviringo, kwa sababu freni ya fimbo inasukuma kwa ndani, na hizi koleo zinabana ubavuni. Hazikupata pa kushika, zikawa zinateleza tu. Nilikaribia kukata tamaa. Shabani ndiye aliyekumbuka kwamba yule kijana wa barabara alipohamishiwa Kindu aliacha magurudumu ya zamani kwa Mugiriki. Tukaenda, tukayakuta nyuma ya duka chini ya magunia, spoku zimeshika kutu lakini rimu nzima, mbavu zake zimenyooka. Shabani akazifuma upya, spoku moja moja, huku akilalamika. Alipomaliza aliizungusha ile ya nyuma, akainamisha sikio, akasikiliza mnyororo ukipita kwenye vile vigurudumu. Hakulalamika. Kwa Shabani hiyo ni sifa.

Basi habari zikaenea. Kibaraza cha Shabani kikajaa wapanda baiskeli wote wa Kasongo unaowajua, kila mtu na maneno yake, na wote wanataka kuonja. Tukakubaliana: mtu anakwenda hadi kanisani kwa mteremko, anarudi kwa mlima, anatoa hukumu.

Alimasi fundi cherehani alikwenda wa kwanza, kanzu nyeupe ameikusanya kiunoni. Alirudi taratibu, ameinua kidevu. "Iko tamu," akasema, "lakini inanong'ona. Tik-tik-tik nyuma yangu. Mimi sipendi kinga inaninong'oneza kama watu wa jirani." Kisha akatazama pindo la kanzu yake, akaona lilivyopakwa mafuta ya mnyororo, na sifa zote zikaisha.

Lukanga mbeba samaki alipanda wa pili. Unamjua Lukanga, mapaja yake kama vinu. Akafika penye mlima, akasimama juu ya pedali kwa nguvu zake zote, na palepale akavuta kijiti. Mnyororo ukaruka, ukakwama, akashuka na kurudi ameibeba baiskeli begani. "Hii si kinga," akasema, "hii iko mutego." Watu wakacheka hadi wakajishika mbavu. Nikamweleza nilichojifunza kwa kuchubua magoti yangu mwenyewe: usibadilishe ukiwa katikati ya mlima na miguu imekaza, badilisha mapema, mlima ukiwa bado mbele yako, na miguu izungushe kwa wepesi, kama mtu anayekoroga uji usimwagike. Akanitazama kwa mashaka, akaenda tena.

Safari hii alikawia. Tulimwona akitokea kwenye kona ya kanisa, anapanda, amekaa. Amekaa kitini, Feruzi, mwili wote ule, anazungusha miguu kama anayeshona kwa cherehani. Alipofika hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini akasema, "Nilipanda nikikaa." Mtu akamwuliza jambo jingine, yeye akajibu, "Nilipanda nikikaa. Matako yangu hayakutoka ku kiti." Mpaka leo anawaambia watu sokoni, hata wasiomwuliza.

Lakini ni yeye pia aliyetufundisha habari ya freni. Alipoteremka mara ya tatu alishika ile ya mbele peke yake, kwa vidole vyote, na nyuma ikainuka kama mbuzi anayerusha mateke. Hakuumia. "Ile ya mbele iko na hasira," akasema. Tangu hapo kila aliyepanda tulimwambia: ya nyuma kwanza, uipe salamu, kisha ya mbele kwa heshima. Na wote waliorudi, hata waliochukia kelele za mnyororo, walisema jambo moja: inasimama. Unaishika na inasimama.

Shabani alibaki na swali lake, na si swali la kijinga. "Fimbo yangu ikivunjika naichomelea. Hii waya ikikatika, utaenda Ulaya?" Nimeagiza waya za akiba, na kila asubuhi naziangalia kama mtu anavyoangalia macho ya mtoto mwenye homa.

Wote walikuwa wameijaribu kwenye kilima cha kanisa. Hakuna aliyetaja kile kingine. Walikuwa wananitazama mimi.

Nilikwenda peke yangu, na gunia la mpunga nyuma, kwa sababu kupanda bila mzigo kungekuwa ni kudanganya. Chini ya Shuka-Sukuma niliwakuta wabeba mafuta wanashuka kwenye baiskeli zao, wanajifunga vitambaa viunoni, kama tulivyofanya sisi. Mmoja akaniambia, "Shuka, mutoto wa watu, usijipasue." Nikavuta kijiti mapema. Mnyororo ukapanda kwenye jino kubwa, na miguu ikawa myepesi ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nilikwenda polepole, Feruzi. Kinyonga angenipita. Lakini nilikwenda nimekaa, na gunia nyuma, na wale watu wakaacha kusukuma wakasimama kando ya njia, baiskeli zimeegemea matumboni mwao, wananifuata kwa macho. Kwenye ile kona ya mawe mekundu, pale ulipokuwa unasema tupumzike na tule ndizi, mapafu yaliniambia nishuke. Sikushuka. Nilifika juu nikiwa na pumzi ya kusema. Nikasema jina lako, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Kisha kukabaki mteremko.

Sitakuficha, niliogopa. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, udongo uleule. Nikaanza. Ya nyuma kwanza. Nikaisikia ikishika, ikatoa sauti nyembamba, baiskeli ikatulia chini yangu. Ya mbele, kwa heshima. Ikatulia zaidi. Nilipofika pale ambapo weye ulitoa mguu, nilibana zote mbili nikasimama. Nilisimama katikati ya ule mteremko, Feruzi, mguu mmoja chini, na mzigo mgongoni mwa baiskeli, na hakuna kilichosogea. Nikaachia, nikaenda kidogo, nikasimama tena. Nikaachia, nikasimama. Nadhani nililia, lakini haikuwa kama nilivyolia matangani. Wale wabeba mafuta walipofika juu wakaniona bado nafanya hivyo, naenda, nasimama, naenda, nasimama. Wakadhani nimeharibika kichwa. Waliponikuta darajani nimekaa kwenye magogo, miguu ndani ya maji, nacheka, wakathibitisha.

Siku hiyohiyo niligeuza nikaupanda upande ule wa pili kurudi. Huo ni mkali zaidi, lakini niliupanda. Nikamwendea mama yako moja kwa moja kabla sijanawa, nikamwambia. Alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta. Akauliza, "Ilisimama?" Nikasema ilisimama. "Pale pale?" Nikasema pale pale. Akapuliza makapi, akasema nikae nile.

Nilirudi barabarani. Mpunga na mawese kwenda, samaki wakavu na karanga kurudi. Nilidhani hadithi imeishia hapo, na ingetosha.

Kisha mvua kubwa zikaja, na zikiwa zimekolea, mpanda baiskeli mmoja akaleta neno kutoka Kabambare: Zena amejifungua mtoto wa kike, mtoto mzima, lakini Zena ana homa na hana nguvu, na anamwita mama yake. Hakusema "aje." Alijua kiapo. Alisema tu mwambieni namwita.

Lori hazikuwepo. Kizuizi cha mvua kilikuwa kimeshushwa, ule mti mrefu katikati ya barabara, na mlinzi wake chini ya paa la nyasi, na hakuna gari linalopita mpaka udongo ukauke. Kwa mguu mama yako asingeweza. Goti lake unalijua. Nilikwenda kwake kumwambia kwamba nitapeleka chochote atakachotaka kupeleka, dawa, unga, nguo. Nilimkuta amekwisha kufunga mzigo. Amevaa kitenge kizito, amejifunga kingine kichwani, amekaa kwenye kiti mlangoni.

"Ile kinga inaweza kubeba mutu muzima?" akaniuliza.

"Mama, ulisema..."

"Ninajua nilisema nini. Niliapa nikiwa na mutoto mumoja mu kaburi. Sitaki wa pili."

Hapo ndipo baba yako mdogo Amisi alipotusumbua. Alifika na fimbo yake, na wazee wawili nyuma, akasema haifai. "Mama mutu muzima, mujane, juu ya kinga, nyuma ya Mukristo, watu wote wa njiani wanaangalia?"

Mama yako alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Shemeji, huyu alikula kwangu tangu meno yake ya kwanza. Iko mutoto yangu. Lakini kama unaona haya, mugongo wako ni mupana. Inama, unibebe weye."

Wazee walitazama chini. Amisi alisimama, akafikiri, kisha akaingia ndani ya nyumba, akatoka na mto wa kiti, akaufunga yeye mwenyewe kwenye keria kwa kamba, akaukaza, akaujaribu kwa mkono. Ndiyo maana nasema namshukuru.

Tulipofika kwenye kizuizi mlinzi alinyanyuka kutuzuia, akaona ni baiskeli, akaona aliyepanda nyuma. Akavua kofia. "Sheria iko ya magari," akasema, na akatuonyesha pa kupita kando ya mti.

Mama yako ni mwepesi, Feruzi. Sikujua amepungua hivyo. Alikaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja umeshika mshipi wangu na mwingine umekumbatia bunda lake la majani ya dawa na unga. Mwanzoni kila tulipoingia kwenye shimo alimtaja Mungu. Baadaye akaacha, akaanza kuwasalimu watu wa mashambani, na wao wakawa wanasimama majembe mkononi, wanarudisha salamu wakiwa na macho makubwa.

Chini ya Shuka-Sukuma nikavuta kijiti. Alisikia mnyororo ukihama. "Imekatika?" Nikasema hapana, mama, inajitayarisha. Tukaanza kupanda. Nilikuwa nahema kama mvukuto wa mhunzi. Katikati akasema, "Nishuke?" Nikasema usishuke. Akasema tena, "Anselemi, moyo wako nausikia huku nyuma, nishuke." Nikakosa pumzi ya kujibu, nikatikisa kichwa tu. Nyuma yetu Lukanga, aliyekuwa anakwenda kijiji cha Lusangi na samaki zake na amelazimika kusukuma kwa mguu, akawa anapaza sauti, "Kaa, mama, kaa hivyohivyo," na wengine wakapokea, mpaka kilima kizima kikawa kinatuambia kaa, kaa. Naye akakaa. Tukafika juu.

Akaniambia, "Simama." Nikasimama. Akashuka, akanyoosha goti, akatembea hadi ukingoni mwa mteremko, akautazama. Maji yalikuwa yanapita katikati yake. Daraja lilionekana chini, dogo.

"Ni wapi?"

Nikamwonyesha.

"Nipeleke pale. Na pale usimamishe."

Nilimpeleka. Mkono wake kwenye mshipi wangu ulikuwa umekaza hadi nikashindwa kuvuta pumzi, lakini hakufumba macho, nililijua hilo kwa sababu alikuwa ananiambia, "Jiwe kushoto. Shimo." Ya nyuma, kisha ya mbele. Tukasimama pale pale. Akashuka, akainua viganja, akakusomea fatiha, na mimi nikavua kofia nikasema ya kwetu kimoyomoyo. Alipomaliza hakulia. Aliutazama ule mlima juu na chini, kama anavyomtazama muuzaji aliyemdanganya sokoni, akauambia:

"Ulimukimbiza mwanangu. Mimi haunikimbizi."

Akapanda. "Twende."

Nikaachia. Nilikuwa nateremka kwa hofu, nimebana vidole vyote, tunakwenda kama maziko. Baada ya kitambo nikasikia sauti yake kwenye sikio langu. "Achilia kidogo."

Nikadhani sijasikia.

"Achilia kidogo, mwanangu. Upepo upite."

Nikaachia kidogo. Kitenge chake kikaanza kupiga makofi nyuma yetu. Nikaachia kidogo tena. Na mama yako, Feruzi, ambaye nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tukuweke hapa, akacheka. Kicheko kile cha kwenu, kinachoanzia puani. Alicheka mpaka darajani, na darajani freni zikatusimamisha taratibu kama mtu anayetua mtoto aliyelala. Wabeba mafuta waliokuwa wanapumzika pale wakaanza kupiga kengele za baiskeli zao, zote pamoja, na waliokuwa bado wanateremka na mizigo nyuma yetu wakaitikia na zao, mpaka bonde lote likalia. Mama yako akawapungia mkono kama mke wa chifu.

Tulilala Lusangi kwa wenyeji wetu wa siku zote, na kesho yake tukaingia Kabambare. Zena alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, mtoto kando. Aliinua kichwa. Hakutazama baiskeli; alimtazama mama yake anavyoshuka, anavyonyoosha goti, anavyokung'uta vumbi kwenye kitenge.

"Wamefungua njia ya lori?" akauliza.

"Lori gani," mama yako akasema. "Nimekuja na kinga ya kaka yako."

Wanawake wa ua ule wakapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani. Homa ya Zena ilichukua siku kadhaa bado, lakini tangu jioni ile alianza kula, kwa sababu mama yako alikaa mbele yake na kijiko na unajua hakuna anayemshinda kwa kijiko. Mtoto ana masikio yako. Pole kwake.

Vijana wa Kabambare waliizunguka baiskeli siku nzima. Mmoja anayepeleka nguo Salamabila aliomba kuigusa tu. Aliuliza ni ya nani, na kabla sijafungua mdomo, Zena akajibu kutoka mkekani kwake, "Ya Feruzi." Hakusema ilikuwa. Nami sikumsahihisha. Nilimwacha mama yako kwa Zena nikarudi peke yangu, na Mugiriki ameniambia kuna wanne wa Kasongo wameagiza vitesi kama hizo, na wa kwanza wao ni Shabani, ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake. Anasema anataka kuzifungua aone zina nini ndani.

Basi nikuache upumzike, ndugu yangu. Jua limegeuka na mzee wa ufagio amekwisha kufika upande wangu. Sikuachi na huzuni. Nimechoka nayo, na najua weye uliichoka kabla yangu. Nakuachia ahadi. Arobaini ya Zena ikiisha, nitakwenda Kabambare kumchukua mama yako. Amekwisha kuniambia hatangoja lori. Kurudi kwake ni kwa kupanda ule upande wa pili, wa daraja na mawe, ambao nimeupanda na mpunga lakini sijaupanda na mtu. Nitavuta kijiti mapema. Tutaupanda tumekaa, mimi na yeye, mpaka juu.

Rafiki yako,
Anselemi